Fritz Fischer na karatasi ya Septemba 1914

Kila mwaka nikifika kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, swali la darasani ni lile lile: "Mwalimu, hivi nani aliyevianzisha?" Enzi zetu jibu lilikuwa la kukariri. Ushindani wa makoloni, miungano ya kijeshi, mbio za silaha, risasi za Sarajevo. Ukizitaja zote, umefaulu. Aliyenitoa kwenye kukariri ni Mjerumani, Profesa Fritz Fischer wa Chuo Kikuu cha Hamburg, na wanafunzi wengi ninaokutana nao hawajawahi kulisikia jina lake.

Alizaliwa mwaka 1908 huko Ludwigsstadt, Bavaria, akasoma theolojia na historia. Kitabu chake cha mwaka 1938 kilimhusu Moritz August von Bethmann-Hollweg na Uprotestanti wa karne ya 19, mada ya upole isiyomuudhi mtu. Baada ya vita vya pili alishikiliwa kama mateka wa vita hadi 1947, kisha akaingia Hamburg kufundisha. Ajabu ni kwamba aliyekuja kumpa umaarufu ni mjukuu wa yule yule Moritz August: Theobald von Bethmann Hollweg, kansela wa Ujerumani mwaka 1914.

Wajerumani wa Magharibi wa miaka ya 1950 walikuwa na maelezo yaliyowatuliza. Mwaka 1914 mataifa yote yaliteleza kwa pamoja, hakuna wa kulaumiwa peke yake, na Hitler alikuwa balaa lililozuka bila mizizi. Fischer alikwenda kufukua majalada ya serikali ya Kaisari, mfalme wa Ujerumani wakati wa vita vile, mengi yakiwa Potsdam, upande wa Ujerumani Mashariki. Humo akakutana na waraka wa tarehe 9 Septemba 1914, uliotoka kwa kansela akiwa makao makuu ya jeshi kwenda Berlin. Vita vilikuwa na wiki tano tu, na mapambano ya mto Marne yalikuwa bado yanaunguruma.

Usome taratibu, kama unavyosoma hati ya shamba linalogombaniwa. Ufaransa idhoofishwe isiinuke tena. Ubelgiji ibaki na jina la nchi, lakini iwe chini ya Ujerumani. Luxembourg imezwe. Ulaya ya kati ifungwe katika umoja wa forodha utakaoongozwa na Berlin. Halafu kuna kipengele kinachotuhusu sisi: Ujerumani ilenge kupata himaya moja ya makoloni iliyoungana katikati ya Afrika, na mambo yake yataangaliwa baadaye. Wakati huo Wilhelm Solf, waziri wa makoloni, alikuwa ameshapendekeza namna ya kugawana makoloni ya Wafaransa, Wabelgiji na Wareno. Weka ramani mezani: ili pwani yetu iungane na Kamerun, zote zikiwa za Wajerumani wakati huo, lazima Kongo ichukuliwe. Miezi miwili baadaye watu walikuwa wanauana Tanga, na katika ukanda wetu huu mapigano hayakukoma hadi Novemba 1918. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza.

Kitabu cha Fischer, *Griff nach der Weltmacht*, kilitoka mwaka 1961. Kilitonesha kidonda, maana kiliurudisha mzigo wa lawama kwa Ujerumani. Mkali kuliko wote alikuwa mwanahistoria mwenzake, Gerhard Ritter, ambaye mwenyewe alipigana katika vita vile vya kwanza. Mwaka 1964 wizara ya mambo ya nje ya Ujerumani Magharibi ilimnyima Fischer fedha za ziara ya mihadhara Marekani, na wasomi wa huko wakafanya mpango aende hivyo hivyo. Oktoba mwaka huo, kwenye mkutano wa wanahistoria mjini Berlin, alikabiliana na wapinzani wake hadharani, na wengi wa vijana waliokuwa wakisikiliza walikuwa upande wake.

Je, alikuwa sahihi? Kwa malengo ya vita, naona hoja yake haijatikiswa: walioandika orodha ile hawakuwa watu wanaojihami tu. Alipozidisha, kwa maoni yangu, ni kwenye kitabu cha mwaka 1969, alikodai kwamba viongozi walikuwa wakiandaa vita tangu kikao cha Kaisari na wakuu wake wa jeshi la nchi kavu na la majini cha tarehe 8 Desemba 1912. Waraka wa Septemba unaonyesha walichotaka vita vikiwa vimeshaanza. Peke yake hauthibitishi walichokusudia Julai, kabla vita havijaanza. Tena Urusi, Austria, Ufaransa na Uingereza amezipitia juu juu mno.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linaloniumiza. Fischer alijiunga na kikosi cha SA, wanamgambo wa Wanazi, mwaka 1933 na chama cha Nazi mwaka 1937. Ritter, aliyemwona kama anaichafua nchi yao, ndiye aliyetiwa ndani na Wanazi mwaka 1944. Nimekutana na watu wanaoitumia historia hiyo kuitupa kazi nzima ya Fischer, na wengine wanaoificha ili shujaa wao abaki msafi. Mimi siwezi kufanya hata moja kati ya hayo. Majalada ya Potsdam yanasema yanachosema, yeyote aliyeyafungua. Lakini mtu aliyeidai nchi yake ijieleze, nami nina haki ya kumdai vivyo hivyo.

Fischer alifariki Hamburg tarehe 1 Desemba 1999, akiwa na miaka 91. Darasa langu la mwaka huu nimelipa vyote viwili: tafsiri ya waraka wa Septemba, na ukurasa wenye tarehe za uanachama wake. Insha nazipokea Ijumaa.