Masizi hutoka mkononi kwa sabuni. Mapafuni je?

Sugua sufuria iliyotoka kwenye mafiga, viganja vyote vitakuwa vyeusi. Maji kidogo na sabuni, mikono inarudi ilivyokuwa. Masizi hayohayo ukiyavuta kwa pumzi, mengine yanabaki mapafuni miaka na miaka, na daktari anayepasua pafu la mtu aliyepikia kuni maisha yake yote huyakuta yamejikusanya kama madoa ya wino. Kwa nini ngozi inayamudu na pafu linashindwa?

Sababu ya kwanza ni kwamba ngozi unayoiona imekufa. Tabaka la juu kabisa ni seli zilizokwisha maisha, zinabanduka kila siku, na uchafu unaondoka nazo. Pafu halina ngao ya namna hiyo. Lina mamia ya mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na ukuta wa kila kifuko ni seli hai zilizotandazwa nyembamba mno, nyuma yake damu inapita. Kati ya hewa na damu mara nyingi hakuna hata mikromita 1, yaani sehemu 1 kati ya 1,000 ya milimita. Ukuta ungekuwa mnene, oksijeni isingepita. Kwa hiyo udhaifu huo ndio unaotuweka hai.

Vumbi kubwa halifiki huko. Ukirudi kutoka Kariakoo jioni ukapenga kamasi nyeusi, usishtuke sana: hayo ni yale yaliyokamatwa njiani. Ya kuogopa ni yale yasiyoonekana, chembe zenye upana wa mikromita 2.5 kushuka chini, ambazo unywele mmoja wa kichwa unazizidi unene kama mara 30. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wa chembe hizi kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Jiko la kuni lisilo na dirisha hufikisha mamia wakati wa kupika.

Chembe ikitua kwenye kifuko, inapokelewa na seli mlinzi iitwayo makrofaji. Kazi yake ni kumeza kila kigeni na kukiyeyusha. Bakteria huyeyuka. Kaboni, ambayo ndiyo mwili wa masizi, haiyeyuki. Tena juu ya kaboni hiyo kuna vipande vya chuma, shaba na mabaki ya mafuta yaliyoungua nusu, vitu vinavyozalisha oksijeni kali, ile isiyotulia, inayonyang'anya elektroni kwa kila kilicho karibu: mafuta ya utando wa seli, protini, hata mitokondria zinazoipa seli nguvu. Seli ina akiba ya dawa ya kuizima, na kwa moshi wa siku moja akiba hiyo hutosha. Kwa moshi wa kila siku, asubuhi na jioni, inakauka.

Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Makrofaji yenyewe hutumia oksijeni kali kama silaha ya kuulia vijidudu. Ikishindwa kumaliza ilichomeza, inaendelea kufyatua bila shabaha na kupiga mbiu ya kemikali kuita wenzake. Wanakuja wengi, pafu linavimba kwa ndani, na ile mbiu inavuja hadi kwenye damu. Mishipa inakakamaa, damu inakuwa rahisi kuganda. Ndiyo maana moshi, ambao sisi tunaudhania ugonjwa wa kifua tu, unaua zaidi kwa moyo. Kati ya vifo milioni 3.2 ambavyo Shirika la Afya Duniani linavihesabu kuwa vilitokana na moshi wa majumbani mwaka 2020, karibu theluthi moja ni vya ugonjwa wa moyo na karibu robo ni vya kiharusi. Saratani ya mapafu ni asilimia 6.

Hata hivyo saratani ndiyo iliyotufundisha mengi, na somo lilianzia kwenye ngozi, jambo linalonilazimu nipunguze sifa nilizoipa hapo juu. Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika juu ya vijana waliotumwa tangu utotoni kupanda ndani ya mabomba ya moshi kuyasafisha. Walipata saratani ya mfuko wa korodani, na yeye aliona chanzo ni masizi yaliyokaa kwenye mikunjo ya ngozi. Kuoga hawakuoga sana. Mwaka 1915, huko Japani, Yamagiwa na Ichikawa walipaka lami ya makaa ya mawe kwenye masikio ya sungura tena na tena kwa miezi mingi, mpaka saratani ikaota. Katika miaka ya 1930 wanasayansi wa London wakaitenga kemikali yenyewe kutoka kwenye lami: benzopairini. Imo pia kwenye moshi wa kuni, wa takataka zinazochomwa, wa dizeli na wa sigara.

Ajabu ya benzopairini ni kwamba ikiingia ndani ya seli haina ukali. Haiwezi kung'ang'ania vinasaba. Tatizo, kwa upande wa seli, ni kwamba ni ya mafuta, haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo haiwezi kutolewa kwa mkojo wala nyongo. Basi vimeng'enya vya usafi vinaipachika oksijeni ili iyeyuke. Kazi hiyo ina hatua kadhaa, na kilichopo katikati, kabla usafi haujakamilika, ni kitu kikali kuliko kile kilichoingia. Hicho kinajibandika kwenye ile herufi ya vinasaba tunayoiita G. Seli ikija kujinakili, inasoma vibaya pale palipobandikwa na kuandika T. Mara nyingi kosa linarekebishwa. Lakini mwaka 1996 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba benzopairini iliyosafishwa nusu hupenda kubandika kwenye nukta zilezile za jeni ya p53 zinazokutwa zimeharibika katika saratani za mapafu za wavutaji. Na p53 ndiyo breki inayoizuia seli iliyoharibika isizaliane.

Ningeishia hapo, ila mwaka 2023 timu ya Charles Swanton ya London iliongeza jambo lisilostarehesha. Waliangalia mapafu ya watu wasio na saratani na kukuta katika sampuli karibu 1 kati ya 5 seli chache ambazo tayari zina kosa katika jeni ya EGFR, ile inayoiamuru seli ikue na kugawanyika; kosa hilo linakuja tu na umri. Seli hizo zilikuwa zimelala. Walipowavutisha chembe za hewa chafu panya wenye makosa ya aina hiyo, makrofaji zikatoa mbiu yao, na mbiu hiyo ikaziamsha. Kwa hiyo moshi si lazima uandike kosa. Unaweza kuja kuamsha lililokwishaandikwa.

Kuna sumu nyingine ambazo hata mbiu hazisababishi kwanza, kwa sababu seli inazifungulia mlango yenyewe. Mfano mzuri ni madini ya risasi, na hapo hatuhitaji kwenda London. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2014, katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Moshi na maji machafu yake vilisambaza risasi kwenye nyumba za jirani. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo, alianza kupiga kelele baada ya mtoto wake mchanga kuugua na vipimo kuonyesha risasi kwenye damu yake. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Risasi inafanana na kalisi (kalsiamu), madini yanayojenga mifupa, kiasi cha kuzihadaa seli. Inapita kwenye milango ya kalisi, inaketi mahali pa kalisi kwenye seli za ubongo wa mtoto ambazo hutumia madini hayo kupashana habari, na inamng'oa zinki ndani ya kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza damu, ndiyo sababu mtoto anapungukiwa damu hata akila vizuri. Kisha mwili, ukiamini bado kuwa ni kalisi, unaihifadhi mifupani kwa miongo. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake huachia kalisi kwa ajili ya mifupa ya mtoto. Risasi iliyowekwa akiba utotoni inatoka nayo, hata kama tanuru lilizimwa zamani.