Injini mpya ya baiskeli ikaguliwe nati kabla ya kuwashwa

Anayenunua injini ya kufunga kwenye baiskeli huuliza kwanza petroli ichanganywe na oili kiasi gani. Ni swali zuri, lakini nati hazimjii akilini. Injini imetoka kwenye boksi ikiwa inang'aa, kwa hiyo anaona kila kitu kimeshakazwa. Sisi tunaofundisha ufundi wa injini ndogo tunamsihi asiamini hivyo. Injini hizi za mipigo miwili huuzwa kama seti ya vipande, na anayeziunganisha na baiskeli ni mnunuzi mwenyewe au fundi wake. Nati nyingine hufika zikiwa zimeshikizwa tu, na nyingine hulegea njiani kabla hata ya tone la petroli kuingia kwenye tangi.

Bolti iliyokazwa sawasawa huvutika kidogo sana, kama mpira wa kufungia mzigo, na kule kuvutika ndiko kunakobana vipande viwili pamoja. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba mtetemo unaosukuma vipande kiubavu ndio unaofungua nati vibaya zaidi: vipande vikianza kuteleza, hata kidogo, nati hujizungusha yenyewe. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika inatetema mara 100 kila sekunde. Mwendo wa saa moja kwa kasi hiyo ni mitetemo 360,000. Na injini mpya ina tatizo la ziada. Rangi iliyo chini ya nati husagika, gasketi (vipande vyembamba vya kuziba maungio) nazo hujibana zinapopata joto la kwanza, hivyo nati iliyokuwa ngumu asubuhi yaweza kuwa imepoteza nguvu jioni bila kuzunguka hata kidogo.

Anza na kichwa cha silinda, injini ikiwa baridi. Kina nati nne. Usimalize moja ndipo uende nyingine: kaza kidogo kidogo kwa msalaba, ya kwanza kisha ya mkabala nayo, mpaka zote zilingane, la sivyo kichwa kitapinda na kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, itavujia upande mmoja. Angalia kama nati hizo zina kofia iliyoziba juu. Nati ya aina hiyo inaweza kugota kwenye ncha ya bolti kabla haijakibana kichwa. Mkononi utahisi imekaza kabisa, spana haisogei, kumbe chini yake gasketi haijabanwa. Ukiiona hali hiyo, weka nati ya kawaida iliyo wazi juu, pamoja na washa (pete bapa ya chuma). Ukikuta oili nyeusi imetapakaa kwenye maungio ya kichwa na silinda baada ya kuendesha, jua panavuja.

Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na bomba linaloiunganisha na silinda ndipo pa kuogopa zaidi, ingawa bolti zake ni ndogo. Zikilegea, injini hunyonya hewa isiyopita kwenye kabureta, hewa isiyo na petroli. Katika injini ya mipigo miwili oili ya kulainisha huja ndani ya petroli hiyohiyo, kwa hiyo petroli ikipungua, oili nayo hupungua. Joto hupanda, pistoni hutanuka, na mwisho wake hunasa ndani ya silinda. Dalili ya mapema ni injini kupandisha kasi yenyewe hata umeachia mafuta. Ukiisikia, izime hapohapo, usiseme utaangalia ukifika.

Bolti zinazoshika injini kwenye fremu zikaguliwe mbele na nyuma. Nyingi ni za milimita 6, zisizo na kichwa, zimepandwa kwenye aluminiamu, na nati yake hufunguliwa kwa spana namba 10. Kagua pia kama bolti yenyewe haizunguki pamoja na nati. Ikizunguka, itoe: funga nati mbili juu yake zibanane, kisha zungusha ile ya chini. Safisha oili kwenye hesi (mifereji inayozunguka bolti), weka gundi ya hesi ya nguvu ya wastani, irudishe. Gundi hiyo isiwekwe kwenye bomba la moshi, maana joto la pale huidhoofisha. Bomba la moshi dawa yake ni kushikizwa kwenye fremu kwa kibano, lisining'inie kwenye bolti zake mbili tu.

Sproketi ya nyuma, gurudumu la meno linalovutwa na cheni, hubanwa kwenye spoku kwa bolti kadhaa na vipande vya mpira. Mpira hulegea taratibu, kwa hiyo nazo zikazwe kwa msalaba, kisha inua gurudumu ulizungushe uone kama sproketi inayumba. Kikaza cheni kisishikwe kwa msuguano tu; kikiteleza kikaingia kwenye spoku, gurudumu hufunga ghafla na mwendeshaji anaweza kuanguka. Vifuniko vya klachi na magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa plagi) vipitie haraka kwa bisibisi.

Kukaza kupita kiasi ni hasara ileile. Kwa bolti ya chuma ya milimita 6, takribani nyutoni mita 10 ndio ukomo wa kawaida, na kwenye aluminiamu iwe pungufu kidogo. Kitabu cha injini kikitoa kipimo, fuata hicho. Asiye na spana ya kupimia nguvu atumie spana fupi na aishike karibu na kichwa chake. Mkono ukihisi bolti inalainika badala ya kuzidi kuwa ngumu, acha: hesi zinakatika.

Ukimaliza, chora mstari wa rangi unaopita juu ya nati na kuingia kwenye kipande kilicho chini yake. Siku nyingine jicho tu litakuonyesha iliyozunguka, maana mstari utakuwa umekatika. Lakini nati iliyopoteza nguvu kwa sababu gasketi imejibana haitaukata mstari huo, ndiyo maana spana inahitajika tena baada ya safari fupi ya kwanza, injini ikishapoa kabisa. Rudia baada ya tangi la kwanza, kisha mara kwa mara.

Nati moja ikilegea kila ukiikaza, usiendelee kuongeza nguvu. Fungua uangalie mkao: mara nyingi utakuta kibano cha injini hakilingani na unene wa bomba la fremu, injini inaegemea sehemu moja na kucheza sehemu nyingine. Chonga au badilisha kibano kikae sawasawa kwenye bomba lote, kisha ndipo ukaze.