Kiwanja cha kando ya hori kikaguliwe saa ngapi?

Sisi tunaokagua maombi ya ujenzi huenda uwanjani asubuhi. Faili hufunguliwa saa mbili, gari hupatikana saa tatu, na ikifika saa nne mko ukingoni mwa hori ya Tudor, mkono wa bahari ulioingia bara hapa Mombasa, na mchoro mkononi. Kiwanja kikavu, tope limepasuka, maji yako kule mbali. Mchoro unasema mita 40 hadi majini. Mnapima, ni kweli. Mnarudi kutia sahihi.

Mvuvi yeyote wa Mikindani angewaonyesha kosa lilipo. Mombasa, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na hujaa karibu saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri. Siku za maji mafu ndiyo saa nne maji huwa yamejaa, lakini ujazo wa maji mafu haufiki mbali. Kwa hiyo mkaguzi wa asubuhi anaweza kuzunguka mwaka mzima asiuone mjao wa bamvua hata mara moja. Na bamvua ya hapa, kati ya kupwa na kujaa, hukaribia mita 4 za kimo. Penye ukingo mkali si neno. Penye tambarare ya tope, kimo hicho hutambaa mbali kuingia bara.

Vipimo vya sheria havianzii pale maji yalipo siku ya ukaguzi. Ardhi ya serikali isiyogawiwa inapopimwa ili itolewe, kanuni za upimaji za 1994 zinataka iachwe mita 60 ufukoni na mita 30 kando ya mto unaoingiwa na maji ya bahari, zote kuanzia upeo wa maji makuu. Mto wa maji baridi huachiwa upana wake wenyewe, usipungue mita 6 wala kuzidi 30, kutoka alama ya mafuriko makubwa. Ukikosea mahali pa kuanzia, mita zote zinazofuata ni bure.

Si lazima kungoja mwezi mpevu ili kuujua upeo huo. Maji huacha alama. Tazama mstari wa mwani mkavu, vijiti na chupa za plastiki: hapo ndipo bamvua ya juzi ilipoishia. Tazama chumvi nyeupe kwenye ukuta wa jirani. Tazama mashimo ya kaa. Kaa wa mikokoni hachimbi mahali asipopata unyevu wa bahari. Tena tazama mti. Mlilana husimama karibu na maji, mkoko na mkandaa hufuata katikati, na mchu hupatikana mbele kabisa na pia nyuma kabisa upande wa nchi kavu. Ukiona mchu, hata mmoja uliodumaa, nyuma ya kigingi cha kiwanja, mchoro huo urudishwe ukachorwe upya.

Kifusi ndicho kinachonisumbua kuliko ukuta. Ukuta huonekana, hupigiwa kelele. Kifusi huja lori mojamoja, usiku, na baada ya miezi mitatu mwenye kiwanja huleta ombi akisema ardhi yake ni kavu. Kifungu cha 42 cha sheria ya mazingira ya 1999 kinakataza kujaza au kukausha ardhioevu bila idhini ya maandishi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inayotanguliwa na tathmini ya athari. Kifusi kinaua mikoko hata kama hakuna shoka lililopita. Mchu na mlilana hupumua kwa vimizizi vinavyochomoza topeni. Vikifukiwa, mti hufa umesimama. Tuliyaona katika hori ya Mwache, mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliposhusha mchanga na tope kutoka bara, na hapo hapakuwa na mjenzi hata mmoja wa kulaumiwa papo hapo. Nayo mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, hati ya kiwanja iwe inasema nini.

Jambo jingine ambalo faili haisemi ni mkondo mkavu. Januari ni kijia cha mbuzi. Mei, masika yakikolea, ni mto. Michoro mingi inayoletwa haiuonyeshi, au inauonyesha umepinda vizuri kufuata ukuta wa mwenye kiwanja. Maji hayapindi hivyo. Ukiuziba, utakuwa umeyahamishia sebuleni kwa jirani wa chini. Kuufungua baadaye ni ghali: hori la Makupa lilizibwa na tuta kwa miongo mingi, na ilibidi daraja zima lijengwe, likafunguliwa 2022, ndipo maji yapite tena.

Sasa kuhusu saa nyingine, ile ya karatasi. Chini ya sheria ya upangaji ya 2019, ombi lisilojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huhesabiwa limekubaliwa. Kimya cha kaunti ni kibali. (Hakiwi leseni ya NEMA, ingawa wapo wanaojenga kana kwamba ni hivyo.) Idara nyingine zinazotumiwa nakala zina siku 14 tu za kutoa maoni. Ndani ya siku hizo kipindi cha bamvua huja mara moja tu, na mjao wake mmoja huwa alfajiri, watu wamelala.

Ndiyo maana jirani anahitajika mapema. Mwombaji anatakiwa kuutangazia umma anachotaka kujenga. Ukiona tangazo, usituletee malalamiko matupu ya "anaharibu mazingira". Hayo tunayo mengi. Tuletee picha ya kiwanja saa kumi alasiri, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, tarehe ikionekana. Tuletee picha ya mkondo mwezi Mei. Peleka nakala NEMA, na uhakikishe yako imepigwa muhuri wa kupokelewa.

Kibali kikishatoka, una siku 14 za kukata rufaa katika kamati ya kaunti ya upangaji. Kwa leseni ya NEMA, baraza la taifa la rufaa za mazingira hupokea rufaa ndani ya siku 60. Huhitaji kuthibitisha kuwa nyumba yako imeingia maji ndipo uende mahakamani kudai haki ya mazingira safi: Katiba, ibara ya 70, imeliondoa sharti hilo. Picha ile ya saa kumi alasiri ndiyo utakayoulizwa kwanza.