Maji si nguvu, jamani

Wiki hii tena. "Dakta mtie maji basi, flu imemmaliza nguvu." Mama kashika mkono wa kijana wake, dereva wa tuktuk hapo Kisauni, homa siku ya tano, malaria hana. Presha 80 kwa 50, mapigo 140, vidole baridi utadhani ametoka kushika barafu. Na huko alikotoka keshatundikiwa dripu, lita 2 za salaini, sasa kifua kinachemka kama birika na kulala chali hawezi.

Influenza haiishii puani. Mara moja moja inavimbisha misuli ya moyo, ndo myokaditisi. Sasa niambie, sinki ikiziba unafungulia mfereji zaidi? Moyo hausukumi na wewe unamimina tu, maji yatakwenda wapi, si yanarudi mapafuni! Sisemi dripu ni sumu, aliyetapika siku 3 anayahitaji, lakini mpe mililita 250, sikiliza mapafu, angalia kama mishipa ya shingo imevimba, halafu ndo uamue.

Halafu kuna wale wakiona 140 wanakimbilia bita-bloka, dawa za kupunguza mapigo ya moyo. Wacheni! Kila pigo linatoa damu kidogo, moyo unafidia kwa kwenda mbio, ukimnyang'anya hizo mbio unammaliza.

ECG ya umeme wa moyo, troponini ya damu kuona kama misuli ya moyo imeumia, eko ya kuupiga moyo picha ukidunda, vipimo hivyo mnavijua. Kwenye eko ukuta wa moyo ulikuwa unatetemeka tu, haubani. Tukafunga maji, tukampa dobutamini ya kuusaidia moyo kusukuma, oksijeni, presha iliposimama ndo Lasix ya kukojoza maji. Oseltamivir, dawa ya kirusi cha influenza, ni tamu ndani ya saa 48 za kwanza lakini mgonjwa mahututi namwanzishia hata siku ya tano. Dobutamini na noradrenalini, ile ya kupandisha presha, zikishindwa ni ECMO, mashine ya kuubeba moyo siku kadhaa hadi uamke, na mara nyingi unaamka kweli, ndo maana nikimpoteza mmoja silali. Steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, je? Nimewapa wakapona, nimewapa wakafa, na sitajifanya kusema ni dawa iliyoamua.

Wazee wenye presha na sukari, hii yenu: utafiti wa Kanada wa 2018 ulikuta wiki ya kwanza baada ya influenza kuthibitishwa, hatari ya hati-ataki, shambulio la moyo, ni kama mara 6. Chanjo ya influenza ipo, kachomeni.

Kijana siku yake ya nne wodini kakaa kitako anakunywa uji. Mama kanivuta pembeni, kanong'ona: "Dakta, na yale maji mtamrudishia lini?"