Omleti za kujaza kwa wageni sita: mayai ndo yanakuja mwisho

Kazi yangu ni kupika mayai, napika kila siku, na swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaotaka kuandaa omleti za kujaza kwa chakula cha usiku na wenzao ni hili: mbona yangu nikiikunja inachanika halafu sahani inajaa maji? Wengi wanadhani mkono wao haujui kukunja. Sio mkono jamani, ni vya ndani.

Chukua uyoga. Karibu asilimia 90 ya uzito wake ni maji, na omleti inakaa motoni kama dakika moja na nusu mpaka mbili hivi, sasa ukitupia uyoga mbichi humo hayo maji hayana muda wa kutoka, yatatoka baadaye ukishakunja, ndani kwa ndani, na yai linalegea. Kwa hiyo uyoga upike peke yake kwanza, kikaango kipana, usifunike, usiujaze ukapandana. Mwanzo utaogelea kwenye maji yake mwenyewe, we uache tu uchemke. Halafu tega sikio, manake sauti inabadilika, ule mchemko mzito unaisha unaanza kusikia chwaa kali ya kukaangika, hapo ndo maji yamekwisha na ndo unaweka siagi, kitunguu na chumvi.

Spinachi nayo hivyo hivyo, ilainishe kwenye moto, iache ipoe, kisha ikamue kwa mikono miwili kwa nguvu kabisa. Rundo lililojaa sufuria linabaki donge la kuenea kwenye kiganja, na yale maji ya kijani uliyoyakamua yangeishia kwenye sahani ya mgeni. Nyanya mbichi mimi siweki ndani kabisa, naikata naiweka kwenye saladi pembeni, basi. Chizi ikwaruze, iwe ya kwanza kugusa yai ili iyeyuke na ishike vile vingine visidondoke.

Halafu vya ndani viwe vya moto. Yai lililopigwa linaganda kwenye nyuzi joto 73 hivi, ukilitilia kitu kilichotoka kwenye friji inabidi usubiri kipate joto, na wakati unasubiri chini kunakauka na kuwa kama mpira. Mimi naviacha kwenye sufuria ndogo, moto mdogo kabisa, kijiko kikiwa humo humo. Kipimo ni vijiko vitatu vya mezani kwa omleti moja. Najua unataka kumfurahisha mgeni, ila ukizidisha itapasuka tu, bora kinachobaki umwekee juu.

Sasa mayai. Matatu kwa mtu, kwa watu sita ni 18, kila moja lipasulie kwanza kwenye kibakuli kidogo manake moja bovu likiingia kwenye jagi umepoteza yote. Tia chumvi kama dakika 15 kabla ya kupika. Wapo wanaosema chumvi ya mapema inaharibu yai, lakini jikoni naona kinyume chake kila siku, chumvi ikipata muda inafanya protini zisikazane sana zikipata moto, yai linabaki laini na halitoi maji. Koroga kwa uma mpaka usione tena uzi wa ute mweupe, usipige mpaka litoe povu. Ukichota, kila omleti ni kama mililita 150.

Kikaango cha sentimita 20 kinatosha, moto wa wastani. Weka siagi uitazame: inatoa povu kwa sababu ndani yake mna maji yanayochemka, povu likitulia na kabla siagi haijaanza kugeuka kahawia, mimina. Vuta kingo zije katikati, inamisha kikaango uji uteremkie pale palipo wazi. Juu kukiwa bado kunang'aa lakini hakuchuruziki, weka vya ndani upande mmoja, kunja, toa. Joto lililomo linamalizia lenyewe kwenye sahani. Ila kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa usifanye hivyo, mwachie iive kote isibaki sehemu ya majimaji.

Kitu ambacho watu hawapendi kukisikia ni kwamba omleti sita hazitoki pamoja. Ukiziweka kwenye oveni zisubiriane zinaendelea kuiva, zinakauka, na zikikaa sana yai linaweza hata kuingia ukijani, ni madini ya chuma ya kwenye kiini yanakutana na salfa ya kwenye ute. Waambie mapema kabisa kwamba kila mtu akipata yake anaanza kula, asingoje. Mkate na saladi viwe mezani tayari. Ukihesabu dakika mbili mbili, wote wamekula ndani ya robo saa, na ukiwa na vikaango viwili ni nusu ya hapo.

Kati ya moja na nyingine usioshe kikaango, kifute kwa karatasi kavu, weka siagi mpya. Na ukifika ya tatu punguza moto kidogo, manake chuma kimeshakusanya joto na yai litashika haraka kuliko ile ya kwanza.