Majoka ya mbao na kitambaa: uongo tunaoamini kuhusu shule za marubani wa 1917

Mdogo wangu siku hizi haachi simu, anasoma zile hadithi za vijana wanaopelekwa chuo cha vita kujifunza kupanda majoka, nusu ya darasa inakufa kabla hata ya mtihani, na juzi kaniambia kwa uzito kabisa eti "kaka, ndo maana wanaobaki wanakuwa hatari." Nikamwambia chuo cha hivyo kilishakuwepo kweli, ila majoka yake yalikuwa ya mbao na kitambaa, na hicho anachokisema ndo kilikuja kuonekana si kweli. Naongelea shule za marubani wa Uingereza enzi za Vita Kuu ya Kwanza, 1914 mpaka 1918. Na sisi wala hatuko mbali na picha hiyo, eropleni tunaiita ndege tu kama kiumbe, na ndege kwa wazee ni ishara pia, kuna ndege njema na ndege mbaya, na hawa madogo wa miaka 18, 19, wengi wao waliamka na ndege mbaya.

Haya tuanze na hiyo ya dogo.

"Shule ikiwa katili ndo inatoa mashujaa." Hapana bana. Mwanzoni shule zilikuwa katili kweli, ila hakuna aliyekaa akapanga mbinu, ni fujo tu na haraka ya vita. Walimu wengi walikuwa marubani waliotolewa mstari wa mbele kupumzika, wamechoka, neva zimeisha, hawataki kabisa mwanafunzi aguse usukani wakiwa naye angani, sasa utajifunzaje? Unakaa nyuma unachungulia bega la mwalimu, injini inapiga kelele husikii neno, mkishuka ndo unaambiwa ulikosea wapi. Walimu wakawabandika wanafunzi jina lilelile la kumtukana adui Mjerumani, kwa sababu walikuwa wanavunja ndege za Uingereza kuliko Mjerumani mwenyewe. Utani wa kijeshi huo, lakini ndani yake kuna majeneza.

Matokeo yake yakaonekana Aprili 1917, kwenye mapigano ya Arras kule Ufaransa. Vijana walikuwa wanafika mstari wa mbele na masaa kama 17 hivi ya kuruka, yaani ni kama mtu kajifunza gari wiki mbili uwanjani halafu unampa lori usiku mlima Kitonga. Mwezi ule mmoja Waingereza walipoteza ndege kama 245, watu 211 wakafa au kupotea na wengine 108 wakatekwa. Mwezi mmoja! Waliutaja baadaye kama Aprili ya Damu.

Aliyegeuza mambo ni afisa mmoja, Robert Smith-Barry, mtu aliyekuwa anachechemea kwa sababu yeye mwenyewe alianguka na ndege mwaka 1914 akavunjika miguu. Alikuwa mstari wa mbele, akawa anapokea hao vijana nusu-wameiva, akalalamika kwa wakubwa mpaka wakamwambia basi nenda kafundishe wewe. Akapewa shule pale Gosport, kusini mwa Uingereza, 1917. Alichofanya ukikisikia unaona kitu cha kawaida tu, ila wakati ule kilikuwa mapinduzi. Ndege ya mafunzo ikawa Avro 504 yenye usukani pande zote mbili, mwanafunzi akakalishwa kwenye kiti cha rubani mwenyewe, na kukawekwa mrija wa kuongelea toka kwa mwalimu mpaka masikioni mwa mwanafunzi. Mrija tu! Kabla ya hapo mwalimu alikuwa anapiga kelele au anazima injini kwanza ndo aongee.

Halafu akasema mwanafunzi asiepushwe na hatari, apelekwe hukohuko kwenye hatari na aelezwe inatokana na nini na inatokwaje. Chukua ile ndege kuzunguka kama pia huku inaanguka pua chini. Miaka ya mwanzo hiyo ilikuwa hukumu ya kifo, kwa sababu mwili unakudanganya, unaona ardhi inakuja unavuta usukani kifuani, na kuvuta ndo kunazidi kuimaliza ndege. Dawa yake ni kinyume cha akili ya woga: unasukuma mbele, unakanyaga usukani wa miguuni upande ulio kinyume na mzunguko, unasubiri. Wilfred Parke alitoka kwenye mzunguko huo Agosti 1912 watu wakimwangalia toka chini, lakini miaka mitano baadaye bado vijana walikuwa wanafia humohumo kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Gosport wakaanza kuwaingiza makusudi, juu kabisa, mwalimu yupo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka kijana anacheka.

Kwahiyo dogo, ile shule iliyokuwa inaua haikutoa majemedari, ilitoa makaburi, iliyotoa marubani ni ile yenye mwalimu aliyekubali kuelezea.

"Muuaji mkubwa ni adui." Nusu kweli. Kulikuwa na ndege inaitwa Sopwith Camel, na ukitaka joka lenye tabia mbaya ndo hilo. Injini yake yote ilikuwa inazunguka pamoja na propela, na karibu kila kizito, injini, bunduki, mafuta, rubani, kimerundikwa mbele, kwahiyo kwa anayeijua inageuka kulia kufumba na kufumbua, asiyeijua inamgeuza yeye wakati anapaa tu. Hesabu inayotajwa ni marubani 413 walikufa nayo vitani na 385 wakafa nayo kwa ajali zisizo na adui. Angalia hizo namba mbili zinavyokaribiana.

Ila usiende upande wa pili pia. Mtandaoni utakutana na takwimu kwamba marubani 14,000 wa Uingereza walikufa na 8,000 kati yao walifia mafunzoni. Inasambaa sana hiyo. Waliokaa na orodha za majina wanapata vifo vya kikosi chote cha anga, vita na ajali pamoja, kama 9,000 hivi, sasa ukitoa 8,000 wa shuleni wanaokufa vitani wanabaki wangapi? Ajali za shule zilikuwa nyingi mno, hilo halina ubishi, ila hiyo namba haisimami.

"Skafu ya hariri ilikuwa mikogo." Hii naipenda. Rubani anageuza shingo kila sekunde kutafuta nani yuko mgongoni kwake, na kola ya koti la jeshi ni ngumu, saa mbili tu ngozi imechubuka, ndo maana ya hariri. Tena inafuta miwani. Miwani ina nini? Ina mafuta ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo hii hii ya kupaka nywele, injini zile za kuzunguka zililainishwa nayo, na ikishapita kwenye injini inatupwa nje kama mvuke, inamrudia rubani usoni, anaivuta, anaimeza. Mtu yeyote aliyewahi kunyweshwa nyonyo na bibi kusafisha tumbo anajua kinachofuata. Sasa uko futi 15,000, baridi, kokpiti iko wazi, kuna Mjerumani anakutafuta, na tumbo linaunguruma. Hilo kwenye hadithi za majoka hawaweki.

"Walikuwa watoto wa mabwana, Wazungu watupu." James McCudden aliingia jeshini kama kijana wa kupiga tarumbeta, akawa fundi wa injini, akapanda mpaka rubani, akaangusha ndege 57. Akafa Julai 1918, siyo kwa risasi, injini ilizima wakati anapaa. Indra Lal Roy wa Calcutta, India, walimkataa mwanzoni kwa macho mabovu, akauza pikipiki yake kulipia daktari mwingine ampime upya, akapita. Inasimuliwa kwamba baada ya ajali moja walimlaza mochwari wakijua kafa, akazinduka akaanza kugonga mlango. Julai 1918 aliangusha ndege 10 ndani ya wiki mbili, na tarehe 22 mwezi huohuo akaangushwa yeye, miaka 19. William Robinson Clarke wa Jamaika naye alirushia Uingereza, na Eugene Bullard, Mmarekani mweusi, alirushia Ufaransa, na kwao walipoingia vitani hawakumtaka.

"Baron Mwekundu alizaliwa na kipaji." Ndo huyo rubani Mjerumani, Manfred von Richthofen, na mara ya kwanza kuruka peke yake, Oktoba 1915, aliibamiza ndege wakati wa kutua. Na ile ndege ya mabawa matatu tunayoiona kila picha, kati ya ushindi wake 80 ilihusika na kama robo tu.

Parashuti nazo watu husema majenerali walizinyima kwa roho mbaya tu. Zilikuwepo, waangalizi wa kwenye maputo walikuwa nazo, lakini zilikuwa nzito na kubwa kwa kiti cha rubani. Hoja kwamba rubani mwenye parashuti ataruka mapema ilikuwepo pia, hiyo siwatetei. Wajerumani walianza kuzitumia 1918 na ndo zilizomwokoa Ernst Udet mwezi Juni.

Na ya mwisho, "hayo ni mambo ya Ulaya." Nenda Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus hapo Unguja Septemba 1914 ikaenda kujificha kwenye mikoko ya delta, na waliotumwa kuitafuta ni marubani. Ndege za kwanza za jeshi zilizoletwa kutoka Uingereza zilishindwa na joto letu, gundi iliyoshika mbao ikalainika, joka likaanza kuachana viungo kabla halijapigwa risasi hata moja. Mwishowe wakatengeneza uwanja Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwangalizi wake Arnold wakapigwa na mizinga ya ile manowari, injini ikafa, na wakati wanashuka Arnold bado anabonyeza simu ya upepo kuwaelekeza wenzake kwenye meli za Kiingereza chini warekebishe shabaha. Ndege ikapinduka mtoni, Cull kanasa chini ya maji, ila wote wawili wakatoka hai. Königsberg iliisha siku ileile. Mzinga wake mmoja uko Mombasa, pale nje ya Fort Jesus, watu wanapita nao bila kuuangalia.