Je, wajua? Sheria ya ndoa iliyomtangaza Tony Perkins

Kabla ya kuongoza Family Research Council (FRC), mojawapo ya mashirika ya Kikristo yenye sauti kubwa Washington, Tony Perkins alikuwa mwakilishi katika bunge la jimbo la Louisiana, Marekani, kuanzia 1996. Hilo ni bunge dogo la viti 105, linaloketi miezi michache tu kwa mwaka. Jina lake lilivukaje mpaka wa jimbo? Lilivuka kwa muswada mmoja, wa 1997.

Wakati huo mume na mke wa Louisiana waliweza kupeana talaka baada ya kutengana siku 180, bila mtu kuthibitisha kosa la mwenzake. Perkins hakuigusa sheria hiyo, na hapo ndipo penye werevu. Aliongeza njia ya pili pembeni yake, ya hiari kabisa: ndoa ya agano.

Wanaoichagua hupata kwanza ushauri nasaha kwa kasisi, mchungaji, rabi au mshauri wa ndoa, halafu husaini tamko kwamba ndoa ni ya maisha. Waliokwisha kuoana kwa njia ya kawaida nao huruhusiwa kuhamia humo. Kutoka ndiko kugumu. Talaka hutolewa kwa uzinzi, kwa mwenzi aliyehukumiwa kifo au kifungo cha kazi ngumu, kwa kutelekezwa mwaka mzima, kwa kipigo au udhalilishaji wa kingono dhidi ya mwenzi au mtoto, au wakiwa wametengana miaka 2. Hata hapo, lazima kwanza watafute ushauri, isipokuwa palipo na kipigo au udhalilishaji.

Sheria ilipita, lakini waliojiandikisha ni wachache mno, na ni Arizona (1998) na Arkansas (2001) tu zilizoiga. Pengo lake kubwa liko mpakani: wanandoa wakihamia jimbo lingine, mahakama za huko huwaachanisha kwa sheria zao wenyewe. Kwa mtu anayetaka kubadili maana ya ndoa katika nchi nzima, kiti cha jimbo hakitoshi.

Mwaka 2002 Perkins aligombea Seneti ya Marekani akaanguka raundi ya kwanza. Mwaka uliofuata akashika Family Research Council. Huko hapigi kura ya sheria yoyote, ila ana redio, mtandao wa makanisa, na rekodi za kura za wabunge zinazosambazwa kwa waumini. Wapinzani wake, hasa watetezi wa haki za mashoga, humlaumu kwa kueneza chuki, yeye hukanusha.

Kuna jambo la kikodi ambalo wengi hulipita. Shirika lenye msamaha wa kodi kama la hisani haliruhusiwi kumpigia debe mgombea, na ushawishi wake kwa wabunge una kikomo. Kwa hiyo kazi hiyo hufanywa na tawi tofauti, FRC Action, ambalo wachangiaji wake hawapati nafuu ya kodi. Mwaka 2020 mamlaka ya kodi ililitambua shirika mama kama muungano wa makanisa, na tangu hapo halilazimiki kuwasilisha taarifa ya fedha ya kila mwaka ambayo umma huweza kuisoma.